Ndege ya Kilo 78

Ukienda kwenye maonyesho ya ndege za kuundwa nyumbani huko Ufaransa, Cri-Cri utaiona mwisho. Waliosimama kuitazama huwa wameizidi kimo, maana toka ardhini hadi juu ya mkia wake ni mita 1.2 tu. Wakisogea ndipo unaiona yote kwa mkupuo mmoja: mita 3.9 toka pua hadi mkia, mita 4.9 toka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Ikiwa tupu, bila rubani wala mafuta, ina uzito wa kilo 78 hivi. Bodaboda yoyote iliyoegeshwa kijiweni ina uzito kuishinda. Hata hivyo ina injini mbili, inakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na rubani aliyefunzwa michezo ya angani anaweza kuigeuza kichwa chini, mgongo chini, akairudisha sawa kama vile hakuna kilichotokea. Katika ndege za injini mbili zinazobeba mtu, haijulikani nyingine iliyo ndogo kuliko hii.

Aliyeibuni ni Michel Colomban, mhandisi Mfaransa aliyekuwa akila mshahara wake viwandani, kwenye ndege za watu wengine. Hii aliibuni na kuiunda kwa muda wake mwenyewe, akaiita kwa jina la utani la binti yake Christine. Tarehe 19 Julai 1973 rubani Robert Buisson aliirusha kwa mara ya kwanza.

Watu wengi huusifu udogo wake, na picha zake huchekesha: mtu mzima amekaa ndani ya kitu kinachofanana na mchezo wa watoto. Mimi navutiwa zaidi na utaratibu uliouzaa udogo huo. Ndani ya Cri-Cri hakuna kipande kilichoamuliwa peke yake. Kila kimoja kiko pale kwa sababu ya kingine, na ukiufuata uzi huo kwa subira unafika mahali ambapo hata injini mbili, zinazoonekana kama anasa, zinageuka kuwa njia ya kubana matumizi.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndiko alikoanzia yeye.

Kila abuniye ndege hupambana na mduara uleule. Ongeza kilo moja popote, kwenye kiti, kwenye gurudumu, kwenye rangi, na bawa litadai eneo zaidi ili kuibeba. Bawa likikua, nalo lina uzito wake, tena linasugua hewa nyingi zaidi. Kuushinda ukinzani huo kunahitaji injini kubwa, injini kubwa inanywa mafuta, mafuta yanahitaji tangi, na mzigo wote huo mpya unamtaka fundi aimarishe boriti ya bawa iliyokuwa ikitosha jana. Kilo moja huzaa nyingine. Wabunifu wengi huukubali mduara huu kama kodi, wakalipa. Colomban aliuzungusha kinyume: kila gramu iliyotoka ilitoka na wenzake. Bawa likipungua, ngozi yake inapungua, ukinzani unapungua, injini ndogo inatosha, na injini ndogo nayo inaliruhusu bawa lipungue tena kidogo.

Swali ni pa kusimama, kwa sababu mduara huo una kikomo, nacho ni mtu. Binadamu hapungui. Cri-Cri iliyopakiwa kadiri inavyoruhusiwa ina kilo 170, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kinachoruka ni rubani na mafuta yake. Ndege ndogo za kawaida haziwezi hesabu hiyo. Nyingi zina uzito mkubwa kuliko mzigo zinaoubeba. Hii hubeba zaidi ya uzito wake yenyewe.

Mtu anaweza kudhani basi mabawa yake ni dhaifu, au yamelemewa. Fanya hesabu ndogo. Bawa lake lina eneo la mita 3.1 za mraba, na kilo 170 zikigawanywa humo, kila mita ya mraba inabeba kilo 55 hivi. Cessna 152, ndege iliyowafunza urubani maelfu ya watu duniani, huruka na kilo 757 juu ya bawa la mita za mraba 14.9, yaani kilo 51 kwa kila mita. Tofauti ni ndogo. Kwa hewa inayopita, bawa la Cri-Cri linafanya kazi ileile inayofanywa na bawa la ndege ya kawaida; limekatwa tu kulingana na mzigo wake. Ndiyo maana haielei kama tiara, wala haihitaji njia ndefu ya kutua kama ndege za kasi. Hata ikipunguza mwendo hadi kilomita 72 kwa saa hivi, bawa bado linaibeba.

Sasa tulisogelee bawa lenyewe, kwa kuwa ndipo mkono wa fundi unapoonekana waziwazi.

Cha kwanza kinachoshangaza ni unene. Ndege ya kasi humfanya mtu atarajie kuona bawa jembamba kama upanga. La Cri-Cri ni nene: unene wake ni asilimia 21.7 ya upana wake toka mbele hadi nyuma. Sababu iko ndani. Katikati ya bawa hupita boriti inayozuia mabawa yasikunjike kwenda juu wakati yanabeba, na nguvu ya boriti inategemea sana kimo chake. Ukiongeza kimo chake mara mbili, huku kingo zake za juu na chini zikibaki na metali ileile, ugumu wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara nne. Bawa nene basi linampa mbunifu boriti ndefu kwa kimo, na boriti ndefu kwa kimo inaweza kuundwa kwa metali kidogo ikabaki imara. Unene hapa umenunua wepesi.

Lakini unene una gharama yake: bawa nene husukuma hewa nyingi pembeni, na hewa ikivurugika juu yake, ukinzani hupanda. Hapo Colomban alichagua umbo linaloiacha hewa iteleze kwa utulivu sehemu kubwa ya safari yake toka mbele kwenda nyuma. Umbo la namna hiyo lina masharti makali. Linataka ngozi laini kabisa. Kichwa cha ribiti kikijitokeza, bati likibonyea kidogo kati ya mbavu mbili, hata wadudu wakikauka kwenye ukingo wa mbele, hewa huachana na utulivu wake na faida yote ya umbo ikapotea.

Ndege nyingi za aluminiamu hushonwa kwa ribiti maelfu, na bati jembamba lililoshonwa kwa ribiti hufanya mawimbi. Unaweza kuyaona ukilitazama bawa kwa pembeni jua likiwa chini. Bati la Cri-Cri ni jembamba sana, halifiki hata milimita moja. Kulishona lote kwa njia ya kawaida kungelivuruga. Kwa hiyo ngozi ya bawa inabandikwa kwa gundi.

Kazi hiyo inastahili kutazamwa polepole. Mbavu za bawa zimekatwa kwenye povu gumu la plastiki, jepesi kiasi kwamba ubavu mmoja mkononi huusikii. Kwa sababu ni nyepesi, fundi anaweza kuziweka nyingi na kuzikaribisha, bati likawa na cha kuegemea kila baada ya nafasi fupi. Anazipanga kwenye boriti kwa mstari, anazipitisha msasa hadi umbo litoke sawasawa, halafu analigeukia bati. Upande wa ndani unasafishwa mafuta, unakwaruzwa ili gundi ipate pa kushika, unasafishwa tena, na baada ya hapo hakuna kidole kinachoruhusiwa kuugusa, maana jasho la ngozi ya mtu linatosha kuuharibu mshikamano. Gundi ya epoksi inachanganywa kwa mizani. Ikiwa nyingi, imekuwa uzito. Ikiwa kidogo, bati litaachia. Kisha bati linakunjwa kuanzia ukingo wa mbele, likazungushwa juu na chini ya mbavu, likabanwa mahali pake, na fundi akaacha muda ufanye kazi yake.

Likifunguliwa siku inayofuata, kinachotoka ni kitu kimoja. Povu peke yake linavunjika kwa vidole. Bati peke yake linakunjika kama karatasi. Yakishikana, bati linabeba mvuto na mgandamizo, povu linalizuia bati lisikunjamane, na bawa lote linakuwa gumu kuliko jumla ya sehemu zake. Ngozi iliyohitajika kwa ajili ya hewa ndiyo hiyohiyo inayobeba mzigo. Hakuna kilichowekwa kwa kazi moja tu.

Kanuni hiyo ya kutompa kibarua kazi moja inaonekana tena nyuma ya bawa. Ndege ya kawaida huwa na vibawa viwili kwa kila upande: kimoja karibu na ncha, cha kuiinamisha ndege kulia au kushoto, na kingine karibu na mwili, kinachoshushwa wakati wa kutua ili kupunguza kasi bila kuanguka. Viwili kila upande maana yake bawaba nyingi, fito nyingi, na mapengo mengi ya kuvujisha hewa. Cri-Cri ina kibawa kimoja tu kila upande, kinachokwenda urefu wote wa bawa, kimening'inia kidogo chini na nyuma yake, kukiwa na mwanya mwembamba kati yao. Rubani akipeleka fimbo kushoto, kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Akivuta wenzo wa kutua, vyote viwili vinashuka pamoja, na bado vinaendelea kumtii akiigeuza ndege. Ule mwanya nao una kazi: hewa inayopenya toka chini inaipa nguvu ile inayopita juu ya kibawa, isiachane nacho mapema.

Ugumu wote umehamishiwa mahali pamoja, kwenye kifaa kidogo ndani ya mwili wa ndege kinachochanganya amri mbili kuwa mwendo mmoja. Fundi anahangaika na kifaa hicho kimoja, halafu bawa zima linabaki safi. Huo ni uamuzi wa mtu aliyewahi kuunda vitu kwa mikono yake: taabu ikusanywe mahali inapoweza kukaguliwa.

Tufike sasa kwenye injini, ambazo kila mtazamaji huziuliza kwanza. Kwa nini mbili?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na injini ya ndege yenye nguvu farasi 20 iliyokuwa nyepesi na ya kuaminika. Zilizokuwapo ni injini ndogo za mapigo mawili, za ukoo mmoja na zile za chenso: silinda moja, kelele nyingi, uzito kidogo mno kwa nguvu zinazotoa. Ile ya chapa ya Rowena iliyotumiwa kwenye Cri-Cri ya kwanza ilitoa nguvu farasi 9. Moja haikutosha. Mbili zilitosha. Baadaye zikaja za chapa ya JPX, za nguvu farasi 15 kila moja, na ndege ikapata ziada ya nguvu.

Ila kuna sababu nyingine iliyojificha kwenye propela. Injini hizi hazina nguvu hadi zizunguke kwa kasi kubwa, na propela iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti lazima izunguke kwa kasi hiyohiyo. Chukua mizunguko 6,000 kwa dakika. Propela ya kipenyo cha mita moja na nusu kwa mzunguko huo, ncha zake zingekimbia mita 470 kwa sekunde, kuipita sauti, na nguvu nyingi ingeishia kuwa kelele. Ya sentimita 70, ncha zake zinakwenda mita 220 kwa sekunde. Hapo inafanya kazi vizuri. Tatizo la propela ndogo ni kwamba inashika hewa kidogo. Dawa ya kawaida ni kuweka gia za kupunguza mzunguko na propela kubwa, na gia ni uzito, ni mafuta ya kulainisha, ni kitu kingine cha kuharibika. Ukiwa na propela mbili ndogo, umeongeza maradufu hewa unayoishika bila gia hata moja. Injini ya pili, iliyoonekana kama anasa, imelipia nafasi yake.

Zimewekwaje? Toka kwenye pua ya ndege hutoka mikono miwili iliyopanuka kama herufi V, na kila mkono unashika injini kwenye ncha yake, mbele ya kioo cha rubani. Mtazamaji huona mbwembwe. Mhandisi anaona majibu ya maswali matatu. Kwanza, injini zimekaribiana kadiri propela zinavyoruhusu, kwa hiyo moja ikizimika, nyingine haiivuti ndege upande kwa ukali unaowatesa marubani wa ndege kubwa za injini mbili. Mguu kidogo kwenye pedeli unatosha, na ndege inaweza kuendelea kupanda, japo polepole. Pili, upepo wa propela unapita karibu na mwili, sehemu kubwa ya bawa ikaachwa na hewa yake tulivu, ile iliyogharimiwa kwa gundi na msasa. Tatu, rubani anaona mbele kupitia katikati yao.

Kuhusu rubani, fikiria tatizo ambalo wabunifu wa ndege kubwa hawalijui kwa ukali huu. Kwenye ndege ya kilo 78, anayekaa kitini anaweza kuwa na kilo 60 au 85. Tofauti hiyo ya kilo 25 ni karibu theluthi ya uzito wa ndege yenyewe. Ingekuwa kiti kiko mbele au nyuma ya kitovu cha uzito, ndege ingebadilika tabia kila inapobadilisha mtu. Kwa hiyo mtu anakaa karibu na kitovu hicho, na ndege imepangwa kumzunguka. Mwili wa ndege ni sanduku jembamba la bati lililoimarishwa, lenye upana wa mabega na si zaidi. Mkia umepandishwa juu kwa umbo la herufi T. Magurudumu ni matatu, madogo, na hayakunjwi. Mitambo ya kuyakunja ingekuwa na uzito kuliko faida yake kwenye kasi hii. Mabawa yanachomoka, na ndege ikawekwa kwenye trela ikalale gereji ya nyumbani. Hata kodi ya kuiegesha uwanjani imebuniwa isiwepo.

Colomban hakuwa wa kwanza kutaka ndege ya mtu wa kawaida. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, alirusha Demoiselle yake ya mianzi na hariri kati ya mwaka 1907 na 1909, akaruhusu yeyote aiige bila kumlipa. Mwaka 1933 Henri Mignet, naye Mfaransa, alirusha Pou-du-Ciel, ndege aliyoipunguzia kila alichokiona cha ziada: pedeli aliziondoa, vibawa vya kuinamisha akaviondoa, akabaki na mabawa mawili, moja mbele juu na jingine nyuma yake, na fimbo moja. Kitabu chake cha mwaka 1934 kiliwatia watu wengi wazimu wa kuunda, Ufaransa na Uingereza. Halafu wakaanza kufa. Majaribio kwenye mahandaki makubwa ya upepo yalionyesha kwamba mabawa yale mawili yalikaribiana kiasi kwamba ndege ikiinamisha pua kupita pembe fulani, hewa ya moja ililipa jingine nguvu kubwa ya kuinua mkia, na rubani hakuwa na namna ya kuirudisha. Ndege za namna ile zilipigwa marufuku Uingereza, na baadaye kasoro ikarekebishwa.

Nawaweka hawa wawili karibu na Colomban kwa sababu moja. Kupunguza kunavutia, na kila mpunguzaji hujiona amegundua siri ambayo wataalamu wameificha. Mignet alikuwa na ujasiri na kipaji, lakini kwenye lile pengo kati ya mabawa hapakuwa na hesabu. Colomban alipopunguza, aliacha alama ya hesabu kila alipopita. Kibawa kimoja kilichukua kazi ya viwili kwa sababu alijua kila kimoja kilikuwa kikifanya nini. Wepesi wa aina hii ni matunda ya elimu.

Michoro yake aliwauzia watu waliotaka kujiundia, na zaidi ya Cri-Cri mia moja zimeundwa. Hapo ndipo ubunifu ulipopata mtihani wake wa pili, maana michoro ni ya mhandisi, ndege ni ya fundi wa jioni mwenye meza, drili, msasa na mke anayeuliza gereji itapatikana lini. Hakuna sehemu inayohitaji mashine kubwa ya kiwandani. Povu hukatwa kwa kisu na waya wa moto, bati hukatwa kwa mkasi, na usahihi unaodaiwa ni ule ambao mtu mwenye subira anaweza kuufikia kwa rula na fremu ya mbao.

Kinachowashinda wengi ni mizani. Ndege ya kwanza ya Colomban ilikuwa na kilo 63 tu. Zilizofuata zimeongezeka: kiti laini kidogo, redio nzuri kidogo, koti moja zaidi la rangi, bolti nene "kwa usalama". Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye Cri-Cri kibaba kinajaa upesi. Kila nyongeza ina hoja nzuri ikisimama peke yake. Zikijumlishwa, zinakula njia ya kurukia na uwezo wa kupanda kwa injini moja, yaani zinakula usalama uleule zilioletwa kuulinda.

Haifai kuisifu ndege hii kama haina kasoro. Magurudumu yake hayapendi majani marefu wala mashimo. Inataka njia ngumu. Injini za mapigo mawili zina wivu: zinataka kabureta zilizorekebishwa zifanane, plagi zinazotazamwa mara kwa mara, na rubani anayesikiliza. Mtu mnene hana nafasi. Upepo unaoyumbisha ndege ya watu wanne huitikisa hii vilivyo. Ni ndege ya mtu mmoja, siku nzuri, uwanja mzuri, na ilibuniwa kwa hayo. Mbunifu aliyejua asichokitaka alijiruhusu kukifikia alichokitaka.

Ushahidi mzuri kwamba hesabu yake ilikuwa sawa ulikuja miaka mingi baadaye, toka mahali ambapo mwaka 1973 hapakufikirika. Watu walipoanza kutafuta ndege za umeme, kikwazo kilikuwa betri, nzito kuliko petroli kwa nishati ileile. Walihitaji chombo kinachoweza kubeba mzigo mkubwa kuliko chenyewe. Mwezi Septemba 2010 kampuni ya EADS, iliyokuwa mama wa Airbus, ilirusha Cri-Cri yenye mota nne za umeme huko Le Bourget, karibu na Paris. Tarehe 9 Julai 2015 rubani Hugues Duval alivuka Mlango wa Kiingereza kwa Cri-Cri ya umeme, ingawa alibebwa kwanza na ndege nyingine na kuachiwa akiwa angani. Ubunifu wa msumeno na gundi ulikuwa bado unatafutwa na wahandisi wa enzi ya kompyuta.

Na Colomban mwenyewe hakuliabudu jibu lake la zamani. Baada ya Cri-Cri alibuni Ban-Bi, ya watu wawili na injini moja. Kisha akabuni Luciole, ya mtu mmoja, yenye injini moja ya Briggs & Stratton, zile zinazosukuma mashine za kukatia majani. Nguvu farasi 25 hivi, silinda mbili, mapigo manne, na rahisi kupatikana. Injini mbili zilikuwa jibu sahihi kwa soko la injini la 1973. Soko lilipobadilika, aliziacha bila huzuni. Kilichobaki palepale ni mizani.

Kila baada ya muda magazeti yetu hubeba habari za kijana fulani aliyeunda ndege uani kwao, kwa mabomba ya chuma, injini ya pikipiki na bati la paa. Majirani hukusanyika, injini inanguruma, na ndege haiondoki ardhini. Wengine humcheka. Sioni la kucheka. Ana moyo aliokuwa nao Santos-Dumont. Anachokikosa hakiuzwi ghali: mizani, daftari, na mtu wa kumfundisha hesabu ya bawa. Ukimfahamu kijana wa namna hiyo, au kama ni wewe, usianze na injini. Pima kila kipande kabla ya kukifunga, andika gramu zake, jumlisha, na ulize kila kimoja kinafanya kazi ngapi. Kisha, kabla ya kuwasha chochote, wapelekee mamlaka ya usafiri wa anga hilo daftari. Bati na bomba zitapatikana tu; daftari ndilo litakaloirusha ndege.